Upinde Uliotundikwa Juu ya Mlango

Tanboi mmoja wa lori la ng'ombe aliweka kopo la shahamu ya mkia wa kondoo juu ya makaa, kando ya duka langu la spea hapa Modogashe, apate cha kulainishia mshipi wake wa ngozi uliokakamaa. Kopo likapinduka. Moshi ukaingia dukani, ukapita kwenye mikanda ya feni na makopo ya mafuta ya breki, ukanifikia kwenye kaunta, nami nikatoka mbio nikamfokea kijana wa watu utadhani amenichomea nyumba. "Ondoa uchafu wako hapa!" Akanitazama kwa mshangao. "Mzee, si ni mafuta tu?" Nikamfukuza hata hivyo, yeye na kopo lake. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wateja wangu wananijua, lakini nilipokaa tena kitini niliona mkono mmoja umeshika hapa chini ya jicho, penye kovu. Haikuwa hasira. Ilikuwa aibu, ile ile ya zamani, na aibu yangu haijawahi kutoka nje bila kuvaa nguo za hasira.

Shahamu ya kondoo ikiungua juu ya makaa ndiyo harufu ya upinde unaotengenezwa. Wengi wenu hamuijui, na wala siwalaumu. Rika langu tuliokulia Garissa mjini tulijua harufu ya punda wa maji wanaotoka mtoni, na vumbi la soko la mifugo siku ya mnada, na kahawa ya tangawizi. Upinde tuliuona mikononi mwa mabawabu tu. Kwetu mtaani mtu alipimwa kwa ngamia, na kama hana ngamia basi ng'ombe, na kama hana ng'ombe basi angalau mbuzi wachache wa kuifuata nao mvua. Mtu wa upinde ndiye aliyekosa vyote hivyo. Na mama yangu alitoka kwa watu wa upinde. Alikuwa Mboni, wa kule kusini, pembeni mwa msitu, ambako watu waliishi kwa asali na mawindo mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Wavulana wa mtaa walikuwa wakiniita mtoto wa mishale. Nilipigana nao kila waliponiita jina hilo, na karibu kila mara nilipigwa mimi.

Baba alimwacha mama ningali mdogo, na baada ya hapo sikugombaniwa na mtu. Mama alivumilia kwa kufulia watu nguo, akachoka, akafunga mzigo wetu kwenye shuka, tukapanda Landrova iliyojaa magunia ya sukari mpaka ng'ambo ya Masalani, kisha tukatembea. Njiani ndipo aliponiambia. Alisimama, akaniweka mbele yake, akanifuta vumbi usoni kwa kiganja kilicholowa mate. "Nitakuacha kwa abti yako, nirudi mjini nitafute kazi. Sasa nisikilize. Kwa baba yako hawakutaki. Hapa ndipo kwetu. Abti yako akikuona u mtu wa kwake, una kwenu duniani. Asipokuona hivyo, mwanangu, mimi sina pengine pa kukupeleka."

Abti, kwa sisi tuliolelewa Kisomali, ni mjomba, kaka yake mama. Huyu wangu alikuwa mfupi, mkavu, jino moja la mbele halipo, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajasema, ndipo maneno yakafuata, machache. Nilimwogopa siku ya kwanza tu kwa sababu ya kile kicheko. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, na mlango wa chini sana, hata mtoto alilazimika kuinama kidogo. Alikuwa na binti wa rika langu, Habiba, mwenye mdomo kuliko redio. Dakika aliyonipokea alikuwa ameshaniuliza kwa nini viatu vyangu vina matundu, kama ni kweli Garissa watu wananunua maji, na kama najua kukaa ulingoni.

Ulingo ulikuwa jukwaa la miti katikati ya mahindi. Wavulana walipanda huko asubuhi kufukuza nyani, kila mmoja na upinde wake, na asiye na upinde hakupanda. Alibaki chini na akina Habiba, akipiga debe. Askari wa wanyamapori walipopita kijijini, pinde zote zilipotea mara moja kwenye mapaa, watu wakakaa nje wakizungumzia mvua, na askari wenyewe wakajua, wakanywa chai wakaenda zao. Mimi nilipiga debe pamoja na wasichana. Nilikuwa mkubwa kuliko nusu ya wale waliokuwa juu. Kila jioni nilirudi nikikumbuka maneno ya mama, nikiwaza: mtu wa kwao hapa angekuwa kule juu.

Asubuhi moja abti alichukua panga, akacheka, akasema, "Twende ukatafute upinde wako."

Nilidhani tutakwenda kwenye mti, tuukate, turudi. Kumbe kazi ya kwanza ya upinde ni kutembea. Tulipita mikole mingi, na mkole ndio mti wenyewe, hupindika na kurudi bila kinyongo. Abti aliigusa akipita, hakusimama. Alinieleza kwa vipande vipande, kati ya kimya kirefu. Ule uliokulia juani umejaa matawi, achana nao. Tafuta uliokulia kivulini, maana huo umekwenda juu moja kwa moja kutafuta mwanga. Uwe mnene wa kifundo cha mkono wako, si wangu. Ukisimama nao, ufike kwenye nyusi zako. Ukatwe wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, maji yakiwa yamerudi chini.

Nikauona mmoja, umenyooka vizuri mno. "Huu, abti?"

"Sijui. Upinde ni wa nani?"

"Wangu."

"Sasa mbona waniuliza mimi?"

Alipitisha dole gumba kwenye gome, kutoka chini kwenda juu, taratibu. Karibu na katikati kidole kilisimama mahali palipovimba kidogo sana, kama pua ya mtoto. Akanitazama. Kidole kikaendelea na safari yake. "Kata," akasema. Nikakata, na nikajiona mtu.

Tulimenya gome asubuhi ile ile, likatoka kwa mikanda mirefu iliyonuka tango bichi. Kisha mti ukawekwa darini, juu ya meko ya mke wa abti, ukauke kwa moshi bila kuharakishwa na jua. Jua hupasua. Huko ulikaa, nami kila asubuhi niliingia kuutazama, mpaka Habiba akasema, "Warya, wewe mvulana, ukiukodolea macho utajipinda wenyewe?" Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza, hajawahi.

Ulipokauka abti alinipa kisu chake na sheria moja. Upinde una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande uliokuwa chini ya gome, unaoelekea kule unakolenga. Mgongo hauguswi, hata ukiona kitu kimekukera. Kisu hula tumboni peke yake. "Mgongo ndio uliobeba kila kitu," alisema. "Ukiukwaruza umeukata." Nikakaa chini ya mti nikachonga, vumbi la mti likinijaa magotini, na abti akakaa kando akitafuna tumbaku yake akitazama mbali. Nilipomaliza kiasi, aliwasha makaa, tukapaka shahamu ya kondoo, tukaupasha moto tukiugeuza geuza, mafuta yakidondoka na kuchoma, moshi ukinijaa kwenye nywele na shati. Hapo ndipo nilipoijua ile harufu. Niliipenda, Mungu shahidi yangu. Nililala nayo. Nilijinusa viganja.

Lakini kile kivimbe cha katikati kilinikera. Kilikuwa mgongoni hasa, na upinde mzima ulikuwa laini isipokuwa hapo. Niliona kitachekwa ulingoni. Siku abti alipokuwa ameinama kusokota kamba, nilikigusa kwa kisu, kidogo tu, halafu kidogo tena, mpaka kikawa sawa na kwingine. Nilipoinua macho abti alikuwa ananitazama. Alikohoa, akarudi kwenye kamba yake. Nikasema moyoni, kama ningekosea angesema, walimu husema. Nikapaka shahamu pale ili ping'ae.

Kamba ilikuwa ya kano za mgongo wa ng'ombe, zilizokaushwa, zikachanwa nyuzi kwa meno, zikatafunwa mpaka zikalainika, zikasokotwa juu ya paja. Nilitafuna mpaka taya zikaniuma. Habiba alitafuna nyingine kunisaidia, akiwa bado anaongea.

Kisha abti akafanya jambo lililonitisha: akaalika watu. Alipita nyumba hadi nyumba akisema kesho mtoto wa dada yake anavuta. Asubuhi walikuja wanaume waliotoka kwenye mizinga, asali ingali vidoleni, wakaja wanawake na watoto wao migongoni, na wale wavulana wa ulingoni wakapanga mstari mbele kabisa. Mke wa abti alinivisha shati safi. Nikasimama katikati ya kiwanja, nikaweka mshale, nikakumbuka kila nilichoambiwa, nikavuta. Mama yangu hakuwepo, na nilitamani awepo, nilitamani aone kwa macho yake kwamba ana pa kuniacha.

Ulivunjika pale pale nilipopalainisha. Ulilia kwa sauti ya mfupa, kipande cha juu kikarudi na kunichana hapa chini ya jicho, nikakaa chini kwa matako bila kupenda.

Na watu wakacheka. Wallahi walicheka! Wanaume walijipiga mapaja, wanawake wakapiga vigelegele, wavulana wa ulingoni wakaruka ruka, Habiba akapiga makofi juu ya kichwa chake. Abti ndiye aliyecheka kuliko wote, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliniinua kwa mkono mmoja, damu ikinichuruzika shavuni, akanizungusha niwaelekee, akauliza kwa sauti, "Mmemwona mtoto wa dada yangu?" Wote wakajibu, "Tumemwona!" Akauliza tena, wakajibu tena. Halafu akaviokota vile vipande viwili, akavifunga pamoja kwa kamba niliyoitafuna mwenyewe, akavitundika juu ya mlango wa nyumba yake, mahali ambapo hakuna mtu angeingia wala kutoka bila kuviona.

Sasa nieleweni. Shuleni kwetu Garissa, mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa mfupa wa ng'ombe shingoni kwa uzi, akashinda nao siku nzima, akasimamishwa nao mbele ya gwaride, na mwalimu akauliza, "Mnamwona?" Nasi tukajibu tunamwona. Nilishauvaa mfupa huo mara nyingi, nilikuwa mzito wa Kiswahili wakati ule. Kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa maana ya kitu kutundikwa na watu kuitwa wakione. Nilizunguka mlango kwa mlango wa kijiji kile nikitafuta kama kuna nyumba nyingine yenye upinde uliovunjika juu yake. Hapakuwa hata na moja. Ni mimi tu.

Kuanzia siku ile sikupita mlango ule. Nyuma ya nyumba palikuwa na tundu walimopita mbuzi, nikawa natambaa humo kuingia na kutoka. Nilirudi kwenye debe langu na wasichana. Kilichonichoma zaidi ni abti. Kila asubuhi alisimama mlangoni na panga mkononi, akatazama juu kwenye vile vipande, akanitazama mimi, akacheka, akaniuliza, "Leo?"

"Leo nini?"

"Basi."

Akaweka panga chini. Kesho yake tena: "Leo?" Nilimchukia. Niliona mtu mzima anapata raha gani kumkumbusha mtoto aibu yake kila kunapokucha. Siku nyingine nilijibu kwa ukali kabisa, "Si leo, si kesho!" naye akaitikia kwa kichwa kwa upole, kama mtu aliyejibiwa jambo la maana, nikazidi kuwaka.

Mama alikuja kututembelea kabla ya mvua. Alikuwa amepata kazi ya kupika hotelini, kanenepa kidogo, ameleta sukari na leso ya mke wa abti. Nilimkimbilia njiani. Nilitaka kumwambia yote, nilikuwa nimeyapanga. Lakini tulipofika mbele ya nyumba akainua macho, akaona vile vipande, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akacheka. Mama yangu mwenyewe. Akacheka huku machozi yakimtoka, akanivuta anikumbatie, nami nikakaza mwili kama gogo. Nikajua mambo yameisha. Nimepimwa, nimeonekana si mtu wa hapa, na hata mama amekubaliana nao.

"Nataka shule," nikamwambia. "Nataka kurudi Garissa."

Mama alishangaa, nadhani pia alifurahi, mama gani asiyefurahi mwanawe akitaka shule? Alimtazama kaka yake. Abti kwa mara ya kwanza hakucheka. Alifikiri, akasema, "Aende. Atarudi. Kitu chake kiko hapa."

Nililisikia neno hilo kama tishio. Kwamba nikienda popote, aibu yangu itabaki pale mlangoni ikinisubiri. Tulipoondoka sikumpa abti mkono, nilijifanya nimeshika mzigo.

Sikurudi. Kila msimu wa asali abti alituma galoni kwa lori, nami sikuionja. Mama alipoanza kusema, "Kule kwa abti yako..." nilitoka nje, na nikiwa mkubwa nilimkata kauli, "Mama, hayo ya msitu tuyaache." Akayaacha. Alikufa akiamini mwanawe anaona haya kuwa na ujomba wa Kiboni. Hakukosea sana pia, na hilo ndilo linaloniuma. Maana nilipohamia huku Modogashe na kufungua duka, watu waliponiuliza kwetu ni wapi, nilitaja Garissa, nikafunga mdomo. Simu zilipoingia kila mahali abti alipata namba yangu. Alikuwa akipiga siku za Iddi. Salamu, afya, mvua, halafu kile kicheko, na swali lake: "Lini?" Namjibu, "Nikipata nafasi, abti, duka hili halina mtu." Naye husema, "Sawa. Sawa." Mtu mzima na ndevu zangu, nakata simu nikiwa na joto masikioni, nikisema huyu mzee bado tu ananicheka!

Wiki ile ya tanboi na kopo lake, Habiba ndiye aliyenipigia. "Baba ametutoka." Nikasema maneno yanayosemwa. Nikatuma cha kutuma. Mazishi hayakunisubiri, nami sikuomba yanisubiri. Siku chache baada ya hapo akapiga tena.

"Nyumba ya baba imeinama, tunataka kuibomoa. Njoo uteremshe upinde wako."

"Upinde gani?"

"Wee! Kwani unazo ngapi?"

Kumbe bado ulikuwa pale. Miaka yote hiyo. Damu ilinipanda. "Uchomeni," nikasema. "Uchomeni kabisa, Habiba, mmenicheka vya kutosha."

Akanyamaza. Habiba akanyamaza, hebu fikirini. Kisha akasema, "Tuuchome sisi? Tutauchomaje sisi na haujapasha wa pili?"

"Wa pili upi?"

"Upinde wa pili. Wa kwanza si huvunjika? Watu huja kuuona ukivunjika, wakufurahie, maana umeshaingia, u mtu wa kwao. Unatundikwa mlangoni kwa mjomba mpaka uje umwambie leo twende. Mnakata mwingine, na ule wa kwanza ndio kuni za kuupasha moto. Ndiyo maana huwezi kuuona kwa mtu, wengine zao zilishaungua zamani." Akasita. "Warya. Si unajua haya?"

"Nani aliniambia?"

"Lakini kila mtu anajua," akasema, safari hii taratibu, nikamsikia anavuta pumzi huko aliko. Ndiyo. Kila mtu anajua. Mtoto wa pale ameviona vipande vikitundikwa tangu akiwa mgongoni mwa mamake, nani atakaa chini amweleze? Haikumjia mtu akilini kwamba yuko mmoja aliyekulia kwingine. Abti alikuwa ananiuliza "Leo?" kwa sababu ni mtoto ndiye anayetakiwa kusema siku. Kidole chake kilikiona kile kivimbe, naye aliniona nikikata mgongo, akaniacha. Upinde wa kwanza haukutakiwa kupona.

Nilikaa kwenye katoni za plagi mpaka mteja akaja, akanikuta, akaondoka bila kununua kitu. Naona haya kuandika, lakini nililia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Sikulia kwa ajili ya kifo hata. Nililia kwa sababu ya ile mikono niliyojifanya imeshika mzigo.

Nilikwenda. Mlango ule nilioukumbuka kuwa wa aibu uliniramba kichwa, nimekuwa mrefu. Vipande vilikuwa pale, vyeusi kwa moshi, vyepesi kama mabua. Nilivigusa nikaona kamba si ile yangu ya kutafunwa.

"Yako ililiwa na panya," Habiba akasema. Amekuwa mama mzito, mdomo ule ule. "Hiyo alisokota baba. Na kabla yake nyingine. Kila ilipooza alisokota nyingine."

"Watu walikuwa hawamuulizi?"

"Walimuuliza sana. Wa nani huo? Anasema, wa mtoto wa dada yangu. Yuko njiani."

Sikuweza kumtazama. Akachukua panga la baba yake, akatangulia. Hapakuwa na mjomba wa kunipeleka, ikabidi iwe yeye, na akanionya nisimwambie mtu kwamba mwanamke ndiye aliyenionyesha mikole, kisha akawaambia watu wote yeye mwenyewe. Nilipitisha dole gumba langu nene la dukani juu ya magome, mti baada ya mti, mpaka nikapata usio na kivimbe. Nikakata. Ukawekwa darini kwake. Nikarudi Modogashe, ukakauka, nikaenda tena. Nyumba ya abti ilitiwa nguzo, ikasubiri nayo.

Siku ya kuupasha moto nilikuwa nimechonga tumbo tu, mgongo sikuugusa. Habiba alileta shahamu. Niliviteremsha vile vipande, nikavivunja vunja, nikavipanga, nikavitia moto, nikaushika ule mti mpya juu yake huku nimechuchumaa, magoti yakilalamika.

Vilishika mara moja. Vilikuwa vimekauka kupita kiasi, miaka mingapi juu ya mlango ule, moto ukapanda mrefu mweupe bila moshi, ukala, ukashuka. Kabla shahamu haijaanza kudondoka, kuni zangu zilikuwa jivu. Nikashika mti. Ulikuwa bado baridi.

Nilibaki nimeuinua vile vile. Sikujua la kufanya. Nilitaka kusema samahani, lakini wa kuambiwa hakuwepo.

Habiba alilitazama lile jivu. Hakunicheka. Aliinuka, akaenda jikoni kwake, akarudi na makaa kwenye koleo, makaa ya chakula cha mchana cha watoto, akayamwaga chini ya mikono yangu.

"Geuza," akasema. "Usiache upande mmoja."